Imani Hailazimishwi: Maisha ya Kardinali Lavigerie

Yupo mtoto mmoja katika kijiji cha Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, ambaye habari zake zimetufanya tushike kalamu juma hili. Umri wake ni miaka 11. Baba yake alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Kondoa. Mama yake alikuwa binti wa Kigogo. Wote wawili wamekwisha kufariki dunia, na mtoto amepokewa na mjomba wake, Mkatoliki mwenye moyo mwema, ambaye humlisha, humvika na kumpeleka shule pamoja na watoto wake mwenyewe. Mpaka hapo hapana mtu awezaye kumlaumu mjomba. Lakini Dominika moja mtoto alikataa kwenda kanisani, akasema kwamba baba yake alimfundisha kusali kwa namna nyingine. Mjomba akatamka mbele ya majirani kwamba yeyote alaye ugali wake atasali pale anaposali yeye. Wengine walimsifu kuwa ni Mkristo hodari. Wengine, na hasa ndugu za marehemu baba, walinung'unika. Nasi tukaulizwa: je, mjomba ametenda vema?

Hatutajibu upesi. Yafaa kwanza tusimulie maisha ya mtu mkubwa wa Kanisa ambaye naye alipata kulea mayatima wa Waislamu, tena si mmoja, bali zaidi ya 1,700. Mtu huyo ni Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Jina lake lajulikana na familia nyingi za Kikatoliki toka Bukoba hata Karema. Lakini wachache wajua jinsi swali hili la mkono unaolisha na roho inayosali lilivyomfuata maisha yake yote.

Charles Lavigerie alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1825 karibu na mji wa Bayonne, kusini-magharibi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa ofisa wa forodha. Nyumbani kwao dini haikutiliwa bidii kubwa, na inasimuliwa kwamba watumishi wa kike wa nyumba ndio waliomfundisha mtoto sala. Inasimuliwa pia kwamba alipokuwa mvulana aliwakamata watoto wa Kiyahudi wa mtaani, akawasukuma kwenye maji ya chemchemi ya mji, akidhani kwamba kwa njia hiyo amewabatiza. Watu hucheka wasikiapo kisa hiki, kwani ni mchezo wa mtoto. Walakini msomaji akiweke moyoni. Moto uliokuwa ndani ya mvulana yule haukuzimika kamwe. Kilichobadilika, polepole na kwa shida, ni namna ya kuutumia.

Alipata daraja ya upadre mwaka 1849, naye bado kijana. Alikuwa mwenye akili nyingi, akafundisha historia ya Kanisa katika Chuo cha Sorbonne huko Paris. Angeweza kuishi maisha yake yote kati ya vitabu. Lakini alikabidhiwa kazi ya kuongoza chama kilichokusanya sadaka kwa ajili ya shule za Wakristo wa nchi za Mashariki, na kazi hiyo ndiyo iliyomtoa darasani.

Mwaka 1860 vita vikali vilizuka katika milima ya Lebanoni kati ya Wadruzi na Wakristo Wamaroni, na mwezi wa Julai ghasia zikafika mji wa Damasko. Maelfu ya Wakristo waliuawa, nyumba na makanisa yao yakachomwa. Padre Lavigerie alikusanya sadaka Ufaransa, akasafiri mwenyewe kuwapelekea wajane na mayatima. Aliona magofu, akaona watoto wasio na mtu. Lakini huko Damasko aliona na jambo jingine, ambalo hakulitazamia.

Katika mji ule aliishi Amiri Abd el-Kader, Mwarabu wa Algeria, Mwislamu wa elimu na sala. Mtu huyu alipigana na Wafaransa miaka mingi akitetea nchi yake, hata akajisalimisha mwishoni mwa 1847, akafungwa Ufaransa, kisha akaachiliwa kwenda kukaa Mashariki. Alikuwa na kila sababu ya kibinadamu ya kuwachukia Wakristo. Lakini ghasia zilipozuka, alitoka na watu wake wenye silaha, akawachukua Wakristo barabarani na katika nyumba zao, akawaficha kwake na kuwalinda, akasimama mlangoni mbele ya umati wa watu wa dini yake mwenyewe. Maelfu walipona kwa mkono wake. Hakumtaka hata mmoja wao asilimu kama malipo ya uhai. Lavigerie alikwenda kumwamkia, akaondoka kwake akiwa na heshima kubwa kwa mtu yule. Basi tuseme wazi: Padre huyu, kabla hajawa askofu, alipata kuona kwa macho yake Mwislamu aliyekuwa na roho za watu mkononi akaziokoa, asizinunue.

Mwaka 1863 alifanywa Askofu wa Nancy, naye hajafikisha miaka 40. Mwaka 1867 akakubali kuwa Askofu Mkuu wa Algiers, mji mkuu wa Algeria, nchi ya Waislamu ambayo Ufaransa iliitawala kwa nguvu ya silaha tangu 1830. Marafiki walishangaa kumwona akiacha jimbo tajiri. Yeye aliiona Algeria kuwa ni mlango tu, na nyuma ya mlango huo Afrika nzima.

Hakukaa sana kabla ya msiba. Nzige walikuwa wamekula mimea, mvua ikakosekana, kipindupindu kikaingia, kisha homa kali ikafuata njaa. Katika miaka 1867 na 1868 watu walikufa kwa mamia ya maelfu. Wazee wetu wa Ugogo waliozijua njaa kubwa za nchi hii hawahitaji kuelezwa jinsi mambo yanavyokuwa: watu wala mizizi na ngozi, mama aanguka njiani na mtoto angali mgongoni. Watoto walionekana barabarani wakitembea bila kujua waendako. Askofu Mkuu akafungua milango. Alikusanya zaidi ya watoto 1,700, akawapa mapadre na masista wawalee. Mapadre na masista waliambukizwa homa, baadhi wakafa, na watoto wengi nao walikufa kwa sababu walikuja wakiwa wamekwisha dhoofika. Mpaka hapo, kama kwa mjomba wetu wa Ihumwa, hapana mtu wa kumlaumu.

Lakini njaa ilipopungua likaja swali: watoto hawa ni wa nani? Jemadari MacMahon, Gavana Mkuu wa Algeria, alitaka warudishwe kwa makabila yao. Hakuwa adui wa Kanisa, alikuwa Mkatoliki. Bali aliogopa kwamba Waislamu wakiona watoto wao wanafanywa Wakristo kwa kulishwa mkate, nchi itawaka moto wa maasi. Lavigerie alikataa kabisa. Alisema kwamba amewaokota wakati hapana aliyewataka, kwamba hambatizi mtoto ila aliye katika hatari ya kufa, na kwamba wengine wote watachagua wenyewe wakipata akili ya kuchagua. Ugomvi ukaandikwa katika magazeti ya Ufaransa, ukamfikia Kaisari Napoleon III. Mwishowe serikali ilimwacha aendelee na nyumba zake za huruma.

Yafaa tuwe wakweli katika jambo hili, kwani ukweli haumdhuru mtu mkubwa. Katika joto la ugomvi ule Askofu Mkuu aliandika maneno makali. Alisema kwamba wenyeji wa Algeria hapana budi wapewe Injili, la sivyo wafukuziwe jangwani mbali na ustaarabu. Hayo hatuwezi kuyasifu. Ni maneno ya mtu aliyekuwa na askari wa nchi yake nyuma yake, hata kama hakuwatuma yeye. Tena mayatima walipokua, aliwajengea vijiji vya Kikristo, akawaozesha wao kwa wao, akawapa nyumba, mashamba na ng'ombe wa kulimia. Ilikuwa hisani kubwa. Lakini kijana aliyepewa mke, shamba na paa na Askofu wake, angewezaje kumwambia Askofu huyo kwamba hataki ubatizo? Kwa ndugu zake wa damu alikuwa mtu aliyeiacha dini ya baba zake; kwa walowezi wa Kizungu alibaki kuwa Mwarabu tu. Hatusemi kwamba imani yao ilikuwa ya uongo. Twasema kwamba mizani ya uchaguzi haikuwa sawa, na kwamba uzito uliotiwa upande mmoja ulikuwa mkate.

Inaonekana Lavigerie mwenyewe alilitambua jambo hili, maana kuanzia hapo alibadili mwendo. Mwaka 1868 alianzisha shirika la mapadre, na mwaka 1869 la masista. Aliwaagiza wavae kanzu nyeupe kama wenyeji na rozari shingoni, waseme lugha ya watu, wale chakula chao. Kisha akawapa amri iliyowashangaza wengi. Katika milima ya Kabilia, kati ya Waislamu, aliwakataza kuwahubiria watu mambo ya dini yetu waziwazi, akawakataza kumbatiza mtu yeyote bila ruhusa yake mwenyewe. Walipaswa kutibu wagonjwa, kufundisha shule, kukaa na watu kwa amani, na kungoja. Vijana wamisionari walionuia kubatiza maelfu waliambiwa wafunge vidonda, wanyamaze. Mvulana aliyewasukuma wenzake majini sasa alikuwa mzee aliyewazuia mapadre wake wasimguse mtu mpaka mtu aje mwenyewe.

Amri hiyo ndiyo iliyovuka bahari ikafika kwetu. Mwaka 1878 Baba Mtakatifu Leo XIII alilipa Shirika lake nchi za Maziwa Makuu. Mwezi wa Aprili wamisionari 10 wa kwanza walipanda meli Marseille. Mwisho wa Mei wakatia nanga Unguja, na mwezi wa Juni wakatoka Bagamoyo kwa miguu kuelekea bara. Njia yao ilikata nchi hii kavu ya Ugogo. Wazee wa hapa walikumbuka misafara hiyo: mistari mirefu ya wapagazi wenye mizigo ya nguo na shanga, maji haba, na hongo iliyolipwa kwa kila mtemi kabla ya kuruhusiwa kupita. Wamisionari hawakuja hapa na jeshi. Waliomba njia, wakalipa. Wapagazi walitoroka, homa ikawashika. Padre Pascal, mkuu wa kundi lililokuwa likienda Tanganyika, alifariki mwezi wa Agosti kabla ya kufika Tabora. Tabora ndipo walipogawanyika, wengine wakaenda Ujiji, wengine Nyanza na Buganda.

Mkononi walikuwa na maagizo ya Lavigerie, kisha ikafuata sheria yake maarufu: hapana mtu mzima atakayebatizwa kabla ya kungoja miaka 4, miwili ya kwanza kama mwombaji na miwili ya pili kama mkatekumeni. Wengine waliona ni muda mrefu mno. Lakini fikira yake ilikuwa wazi. Mtu atakaye ubatizo ili apate nguo, au ulinzi, au upendeleo wa mkuu, hachoki kuomba miezi mitatu. Ila miaka minne atachoka. Muda ni ungo unaopepeta. Tena aliwaonya wasiwafanye Waafrika kuwa Wazungu, bali wawaache Waafrika katika desturi zao njema, wapate kuwa mitume wa nchi yao.

Hata hivyo, pwani ya Ziwa Tanganyika mambo hayakwenda yote kwa mizani hiyo. Nchi ilikuwa imeharibiwa na biashara ya watumwa. Wamisionari walinunua watoto mikononi mwa wafanya biashara ili kuwakomboa, wakawalea katika misioni. Waliohitaji ulinzi walikuja kukaa chini ya kuta zake. Lavigerie alituma pia askari wa zamani wa Papa wailinde misafara na misioni. Maarufu kati yao ni Kapteni Joubert, aliyekaa upande wa magharibi wa ziwa hata kufa kwake mwaka 1927, akipigana na wawinda watumwa. Lavigerie alipata hata kuota ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika. Ndoto hiyo haikutimia, na leo twaweza kumshukuru Mungu kwamba haikutimia. Mtoto aliyenunuliwa akaokolewa ana deni la shukrani; lakini padre aliye pia mlinzi, hakimu na bwana wa chakula hawezi kujua kwa yakini kama mtoto huyo akunja magoti mbele ya Mungu au mbele yake yeye.

Buganda ilikuwa kinyume chake. Huko wamisionari hawakuwa na mamlaka yoyote. Walikuwa wageni mbele ya Kabaka, mwenye uwezo wa kuua na kuponya. Kabaka Mutesa aliujaribu Uislamu, akafunga Ramadhani miaka kadhaa. Lakini mwaka 1876 vijana wa Kiislamu wa jumba lake walipokataa kula nyama iliyochinjwa na asiyetahiriwa, wakamwona Kabaka mwenyewe kuwa si Mwislamu kamili, aliamuru wauawe, nao wakafa wapata 70. Ni vema Wakristo wakumbuke hayo: waliotangulia kufa Buganda kwa ajili ya dhamiri walikuwa Waislamu.

Padre Lourdel alifika mwaka 1879. Ubatizo wa kwanza ulitolewa mwaka 1880. Mwaka 1882 mapadre walilazimika kuondoka, wakarudi mwaka 1885. Miaka hiyo yote Waganda wenyewe walifundishana. Kabaka Mwanga alipoanza kuwaua, wengi walikuwa bado wakatekumeni, wangali wakingoja. Hapana padre aliyewalisha, hapana askari aliyewalinda. Njia ya kuponyoka ilikuwa wazi, nayo ilikuwa kukana tu. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto Namugongo. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza Watakatifu mashahidi 22 Wakatoliki. Basi msomaji alinganishe. Mahali ambapo Kanisa lilikuwa na mkate na bunduki, lilipata watu wenye shukrani. Mahali ambapo halikuwa na kitu, lilipata mashahidi.

Lavigerie, aliyefanywa Kardinali mwaka 1882, alizipokea habari hizo kwa machozi na fahari. Mwaka 1888, kwa idhini ya Papa Leo XIII, alisafiri Paris, London na Brussels akihubiri juu ya mateso ya watumwa wa Afrika, hata maelfu wakalia. Sauti yake ilisaidia kuyakusanya mataifa katika Mkutano wa Brussels wa miaka 1889 na 1890. Kazi hiyo ilikuwa njema, na watu wengi waliponywa na minyororo. Lakini hata hapa haki yataka tuseme mawili. Alilaumu sana Uislamu kwa utumwa, wala hakusema kwa nguvu sawa jinsi mataifa ya Kikristo yalivyowavusha Waafrika bahari ya Atlantiki kwa karne kadhaa. Tena wakuu wa Ulaya walilichukua neno lake la huruma wakalifanya sababu ya kuitwaa nchi yetu.

Uchungu wake wa mwisho ulitoka huko huko Buganda. Mwaka 1888 chama cha Waislamu kilishika mamlaka, Kabaka Kalema akawalazimisha watu kutahiriwa na kusilimu, nao Wakristo wakakimbilia Ankole. Walirudi kwa vita, wakashinda. Ungedhani kwamba watu walioonja shuruti hawangemlazimisha mtu tena. Haikuwa hivyo. Vyeo viligawanywa kwa dini. Mtu akibadili dini alipoteza uchifu wake. Wakatoliki wakaitwa Wafaransa, Waprotestanti wakaitwa Waingereza, na tarehe 24 Januari 1892 Wakristo kwa Wakristo walipigana kilimani Mengo, Kapteni Lugard akiwapa Waprotestanti bunduki na kusaidia kwa mzinga wake. Ndugu za mashahidi waliuana, miaka 6 tu baada ya Namugongo. Baadhi ya Wakatoliki walikimbilia kusini, na mwaka huo huo misioni ya Kashozi ikaanzishwa karibu na Bukoba. Ndivyo Mungu alivyotoa mbegu katika majivu. Lakini Kardinali aliyezisoma habari hizo alikuwa mzee mgonjwa. Alifariki Algiers tarehe 26 Novemba 1892, akazikwa Carthage, na mwaka 1964 mabaki yake yakahamishiwa Roma.

Haya ndiyo maisha yake. Alikuwa mtu wa moto, mwenye makosa makubwa kama karama zake. Twamheshimu, si kwa sababu hakukosea, bali kwa sababu alijifunza kitu ambacho Kanisa lote lilikuja kukitamka baadaye. Tarehe 7 Desemba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza kwamba kila mtu ana haki ya kutolazimishwa katika mambo ya dini, na kwamba haki hiyo yatoka katika heshima ambayo Mungu amempa mwanadamu. Waislamu nao wanafundishwa na Kitabu chao kwamba dini haina shuruti. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977 yalinda uhuru huo huo. Basi Msikiti, Kanisa na Serikali vyakubaliana kwa maneno. Kinachobaki ni nyumba zetu.

Sasa turudi Ihumwa. Mjomba mpendwa, ulipompokea yatima ulifanya kazi ya Kristo. Ulipomfungia ugali pamoja na sala, ulijiharibia kazi yako mwenyewe. Sheria ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1983 humhesabu mtoto aliyetimiza miaka 7, mwenye akili, kuwa kama mtu mzima kwa habari ya ubatizo: lazima atake mwenyewe. Mpwa wako ana miaka 11. Ukimpeleka kanisani kwa kumtishia njaa, utapeleka mwili wake, na roho yake itabaki nje imekunja ngumi. Na siku atakapojitegemea, ataondoka na dini yako ataiacha mlangoni pamoja na sahani yako.

Hatusemi ufiche imani yako. Sali kwa sauti nyumbani mwako, mwache asikie. Akikuuliza, mjibu. Msimulie juu ya mama yake. Mwache ndugu wa baba yake amfundishe sala zake, na siku za Idi mpe nafasi ya kwenda kwao akiwa amevaa nguo safi. Ngoja miaka minne, ngoja na kumi. Kijana tajiri wa Injili alipogeuka akaenda zake kwa huzuni, Bwana wetu alimpenda, wala hakumkimbilia kumshika joho.

Nanyi ndugu Waislamu wa majirani zetu, kama yumo nyumbani mwenu binti ambaye moyo wake umevutwa na Kristo, tunawaomba mpimie kwa kibaba hicho hicho: asifukuzwe, asiozwe kwa haraka, asinyimwe chakula. Na sisi Wakatoliki tujichunguze zaidi. Ni mara ngapi wazazi wamesema hapana harusi mpaka mchumba abatizwe, hali Kanisa lenyewe laweza kutoa ruhusa ya ndoa na asiyebatizwa? Ni mara ngapi mgao wa mahindi wakati wa njaa umefuata orodha ya waendao Misa? Kila penye mkono wenye kitu na mkono usio na kitu, pana kishawishi hicho cha Algeria.

Tunaambiwa kwamba mtoto yule bado yuko kwa mjomba wake, na kwamba siku hizi asubuhi ya Dominika huachwa nyumbani achunge mbuzi, na chakula chake huwekwa kando, kimefunikwa, mpaka wenzake warudi. Tunamshukuru mjomba. Aendelee kukifunika chakula hicho bila sharti, na yaliyobaki amwachie Mwenyezi Mungu, ambaye hakumfanya mtumwa hata mmoja wetu alipotuita kuwa wanawe.